Kijani cha Tsavo: Jiwe Letu Lililobatizwa Ughaibuni

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyonena wahenga, nasi tunaurudia usemi huo harusini na msibani bila kujiuliza swali dogo tu: je, mwenyeji hupona kweli? Katika makala haya nataka tuuchukue usemi huo tukaujaribu juu ya jiwe moja la kijani. Limelala katika ardhi ya Tanzania na Kenya tangu kabla mwanadamu hajakanyaga dunia hii, lakini jina lake lilitoka kwenye duka la vito huko New York. Wenye duka huliita tsavoraiti. Wachimbaji wengi huliita "grini" tu, basi, wakaendelea na kazi.

Najua wapo watakaoguna: "Sasa mawe yanahusu nini na fasihi?" Yanahusu sana, ndugu zangu. Sisi tunaotaka kuandika riwaya tunahangaika kutafuta visa. Tunaiga sinema za watu, tunaandika habari za majasusi na majumba ambayo hatujawahi kuyaona hata kwa dirishani. Na huku kisa chenye mali, mauti, nyoka, mbogo, serikali mbili na mahakama kimekaa mlangoni kwetu, kinangoja mtu wa kukinyanyua.

MWAKA 1967

Kila aliyefika hata darasa la saba anajua kwamba mwaka 1967 ndio mwaka wa Azimio la Arusha. Tuliimbishwa tarehe 5 Februari mpaka ikaingia damuni. Lakini ardhi nayo ilikuwa na azimio lake mwaka huo huo. Katika nyika za Simanjiro, kusini mwa Arusha, ndipo lilipoibuka lile jiwe la buluu la Mererani ambalo baadaye dunia ililijua kwa jina la tanzanaiti. Na katika nyika hizo hizo, karibu na kijiji cha Komolo, likaibuka jiwe la pili, la kijani.

Jiwe la buluu lilipata bahati ya kubeba jina la nchi. Watoto wa shule hulitaja katika mitihani. La kijani halikupata bahati hiyo, ingawa ukiwauliza wajuzi wa vito watakwambia kwamba kwa namna nyingi ndilo jiwe bora zaidi. Kwa nini? Tutafika huko, msiwe na haraka.

Mtu ambaye vitabu vinamtaja kuwa mgunduzi wake ni Campbell Bridges, mtaalamu wa miamba mwenye asili ya Uskoti aliyekulia kusini mwa Afrika. Kisa chake chaanzia mbali kidogo. Mwaka 1961 alikuwa Zimbabwe, ambayo wakati huo iliitwa Rhodesia ya Kusini, akitafuta madini. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba siku moja alikurupushwa na mbogo. Mbogo, jamaa zangu, si mnyama wa kumwekea hoja! Bwana Bridges akajitupa korongoni. Pale alipojificha, roho mkononi, macho yake yakaona chembe za kijani zikimetameta katika mwamba. Alizikumbuka. Miaka 6 baadaye, alipofika Komolo, akakutana tena na kijani kile kile, safari hii kikiwa safi, kinachopitisha nuru kama maji ya mtungi.

Hapa naomba msomaji uweke kituo. Neno "kugundua" ni neno la kulitazama mara mbili. Simanjiro si nchi tupu. Kuna Wamasai wanaochunga ng'ombe pale, wanaolijua kila korongo na kila jabali. Mchungaji anayeshinda na mifugo kutwa nzima, mwaka nenda mwaka rudi, ana macho. Tofauti ni kwamba mwenye darubini na kitabu anaweza kulitaja jiwe, kulipima na kulipeleka sokoni. Simnyang'anyi Bwana Bridges sifa yake. Alistahili, maana alijua alichokiona. Ninachosema ni kwamba kuona ni jambo moja na kuandika kwamba umeona ni jambo jingine. Historia humjua aliyeandika.

VIAZI VYA MWAMBA

Ili uelewe ubora wa jiwe hili, sharti kwanza ujue lilivyopikwa. Nitajitahidi kuliweka wazi, maana hata mimi elimu yangu ya jiografia iliishia kidato cha nne.

Zamani sana kulikuwa na bahari. Chini ya bahari hiyo kulitulia matope meusi yenye masalia ya viumbe vidogo vilivyokufa. Katika matope hayo mlikuwa na madini yaitwayo vanadiamu, kwa kiasi kidogo tu. Kisha, yapata miaka milioni 600 iliyopita, mabara yaligongana. Milima ikapanda juu, matope yakashindiliwa kilomita nyingi chini ya ardhi, yakapikwa kwa joto na mgandamizo. Masalia ya wale viumbe yakageuka kinywe, ile kitu nyeusi inayopaka mikono kama risasi ya penseli. Na palepale katikati ya weusi huo, chokaa, alumini na silika vikaungana, vanadiamu ikatia rangi, mara nyingine ikisaidiwa na kromiamu, na kijani kikazaliwa.

Ukanda huo wa miamba iliyopikwa wataalamu wanauita Ukanda wa Msumbiji. Unapita kaskazini kusini upande wetu huu wa mashariki mwa Afrika. Ndiyo maana jiwe hili linaonekana Taita kule Kenya, Komolo, Lemshuku na Mererani kaskazini mwa Tanzania, Ruangwa kule kusini, kisha linavuka bahari hadi Madagascar. Enzi hizo Madagascar ilikuwa imeshikamana na bara hili. Chembe zake zimeonekana hata katika miamba ya Antaktika, kwenye barafu! Mipaka tuliyochorewa wanadamu, jiwe haliitambui.

Na hapa kuna jambo tamu. Tanzanaiti nayo imezaliwa katika miamba hiyo hiyo ya kinywe, na buluu yake imetokana na vanadiamu hiyo hiyo. Kwa hiyo yale mawe mawili ya mwaka 1967 ni watoto wa tumbo moja. Mmoja alitoka buluu, mwenzake akatoka kijani.

Mara nyingi tsavoraiti haikai mwambani ikiwa peke yake na uzuri wake nje. Hujificha ndani ya madonge ya mawe, makubwa kwa madogo, ambayo kwa nje hayana sura yoyote ya maana. Wenyewe huyafananisha na viazi. Unalipasua donge, ukiwa na bahati unakuta kijani ndani, ukikosa unakuta vumbi na vipande vilivyosagika. Miamba ile ilisukumwa na kukunjwa mno, hivyo fuwele nyingi zilivunjikavunjika zikiwa bado ardhini. Hii ndiyo sababu tsavoraiti kubwa ni adimu. Mchimbaji anaweza kukaa shimoni miezi kadhaa akila ugali wa kukopa, akapata viazi mia visivyo na kitu.

KOMAMANGA LA KIJANI

Serikali ya Tanzania ya wakati ule haikutoa kibali cha kuyasafirisha mawe ya Komolo nje ya nchi. Tukumbuke hali ilivyokuwa: Azimio limetangazwa, njia kuu za uchumi zinarudi mikononi mwa umma, na mwaka 1971 migodi ya tanzanaiti nayo ikataifishwa. Wapo wanaoilaumu siasa ile, wapo wanaoitetea. Mimi nasema tu kwamba Bwana Bridges alisoma mwamba akaona unaelekea kaskazini. Akavuka mpaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaipata tsavoraiti upande wa Kenya, katika nchi ya Wataita, jirani na mbuga ya Tsavo. Mwaka 1971 akapewa ruhusa ya kuchimba. Ile ni Tsavo ile ile ambayo mwaka 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa reli mpaka kazi ikasimama. Bwana Bridges akajenga nyumba juu ya mti ili asilale na wanyama. Husimuliwa pia kwamba mawe yake aliyaweka mahali alipomfuga chatu, akijua kwamba mwizi mwenye akili timamu hawezi kutia mkono hapo. Sasa niambieni, mtunzi gani wa hadithi angethubutu kubuni hayo, akaaminiwa?

Lakini jiwe bila jina haliuzwi. Kwa ukoo, tsavoraiti ni garneti, na jina garneti limetokana na tunda la komamanga, kwa sababu garneti nyingi zinazojulikana ni nyekundu kama punje za tunda hilo. Hebu fikiria muuza duka wa New York anamwambia mama tajiri, "Bibie, hii hapa garneti ya kijani." Ni sawa na kumwambia mtu anunue komamanga la kijani: atadhani ni bichi!

Ndipo anapoingia Henry Platt wa kampuni ya Tiffany, kampuni ile ile iliyolipa tanzanaiti jina lake. Yeye na Bridges wakakubaliana kwamba jiwe liitwe kwa jina la Tsavo. Mwaka 1974 Tiffany wakalitangaza kwa kishindo, na kitu kilichojulikana kwa wataalamu wachache tu kikawa johari ya kuvaliwa vidoleni.

Angalia vizuri kilichotendeka. Jiwe lilionekana kwanza Komolo, Tanzania, likabeba jina la mbuga ya Kenya, kwa uamuzi wa duka la Marekani. Sisemi jina ni baya. Tsavo ni jina la kwetu Afrika Mashariki, nalo linatamkika. Lakini Komolo ilibaki kijiji tu. Hakuna anayeijua isipokuwa wenyewe na wale wanaosoma maandishi madogo.

JIWE ZURI NI LIPI?

Twende sasa kwenye ubora. Hapa ndipo wengi wanapolizwa, na hasa vijana wanaokimbilia dili la madini wakidhani kila kinachong'aa ni utajiri.

Pale Arusha mjini utawaona madalali wamesimama vikundi vikundi, mawe yamekunjwa katika vikaratasi vyeupe mfukoni. Kikaratasi kinafunguliwa kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayefungua barua ya mapenzi. Mnunuzi haongei. Analishika jiwe kwa kibano, analielekezea juani, kisha analipeleka kivulini, anatia lenzi ya kukuza mara 10 jichoni. Anatafuta mambo manne.

La kwanza ni rangi. Kijani cha tsavoraiti si kimoja. Kipo chepesi, kama mnanaa uliotiwa maji, na hicho hupatikana sana Mererani. Kipo kizito mno hata jiwe likiwa kubwa linaonekana jeusi, kama chupa ya bia. Kinachotafutwa ni cha katikati: kijani kilichoiva, chenye nguvu, kisicho na umanjano mwingi wala giza. Wenye uzoefu hulitazama jiwe chini ya taa na chini ya jua, maana jiwe la hila hupendeza mahali pamoja likachuja pengine.

La pili ni usafi. Jiwe lisiwe na nyufa wala uchafu ndani. Zumaridi husamehewa, wanunuzi wamezoea kwamba zumaridi ina "bustani" yake ndani, mistari na mawingu. Tsavoraiti haisamehewi kirahisi hivyo. Inatakiwa iwe safi kwa jicho.

La tatu ni ukataji. Fundi anayelikata jiwe ovyo ili libaki zito huliua nuru yake. Anayejua kazi hukubali kupoteza uzito ili apate mwanga.

La nne ni uzito wenyewe, unaopimwa kwa karati. Karati 5 ni gramu 1. Tsavoraiti zilizokatwa nyingi hazifiki karati 2. Ikipita 3 watu hugeuka kutazama. Ikipita 5 madalali huanza kunong'ona. Kwa hiyo bei haipandi ngazi moja moja kama bei ya mchele. Huruka. Jiwe moja la karati 4 lina thamani kuliko mawe manne ya karati 1, hata kama rangi ni moja.

Sasa nilinganishe na zumaridi, malkia wa kijani anayetajwa katika tenzi na hadithi za kale. Zumaridi ni gumu kidogo kuliko tsavoraiti: katika kipimo cha ugumu zumaridi hufika 7.5 hadi 8, na tsavoraiti 7 hadi 7.5. Hapo tukubali, mwenzetu katushinda. Lakini kwa kung'aa, mwenzetu hafui dafu. Nuru ikiingia ndani ya tsavoraiti hupindwa kwa nguvu zaidi. Kipimo chake ni kama 1.74, na cha zumaridi ni kama 1.58. Na ule uwezo wa kuupasua mwanga ukatoa rangi za upinde wa mvua, tsavoraiti anao mara mbili ya zumaridi. Ndiyo maana tsavoraiti ndogo iliyokatwa vizuri huwaka kama jicho la paka gizani.

Kisha kuna jambo ambalo mimi binafsi ndilo linalonigusa zaidi. Zumaridi nyingi hutiwa mafuta ili nyufa zisionekane. Tanzanaiti nyingi huchomwa kwenye tanuru ili udhahabu wa asili uondoke ibaki buluu. Tsavoraiti kwa kawaida haitiwi mafuta wala haichomwi. Inauzwa kama ilivyotoka shimoni, imekatwa na kusuguliwa tu. Ni mtu asiyejua kupaka poda. Alivyo asubuhi ndivyo alivyo jioni.

Kwa vile ni adimu, wapo wajanja wanaouza chupa iliyopondwa. Chupa ina dalili zake: ukitia lenzi waweza kuona vipovu vidogo vya hewa ndani, na ukiigusisha mdomoni haina baridi ile ya jiwe la kweli. Lakini dalili za mtaani si ushahidi wa kutosha. Mwenye hela yake apeleke jiwe kwa mwenye vipimo.

SIMBA WA MERERANI

Ushahidi wa haya yote ni jiwe moja. Mwaka 2017 lilitoka Mererani donge la tsavoraiti lenye karati 283.74, yaani karibu gramu 57. Kwa tsavoraiti hilo ni jitu. Likapelekwa kwa fundi Mrusi, Victor Tuzlukov. Alipomaliza kulikata, likabaki karati 116.76. Pigeni hesabu: zaidi ya nusu ya jiwe iligeuka vumbi ili nusu nyingine ipate uhai. Leo linaitwa Simba wa Mererani, na tangu mwaka 2023 limo katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington, ambako wageni hulitazama kupitia kioo.

Nililiona pichani. Ni zuri, nisiseme uongo. Lakini mawazo yangu hayakukaa kwenye picha. Yalikwenda Mererani, kwa wanaapolo wanaoteremka mashimoni kwa kamba na ngazi, na wale vijana wadogo ambao wachimbaji waliwapa jina la "nyoka" kwa sababu walipenya vijishimo ambavyo mtu mzima hapiti. Mafuriko ya mwaka 1998 na ya mwaka 2008 yaliwakuta wengi wakiwa chini. Mtaalamu wa miamba ana jina. Muuza duka ana jina. Fundi wa kukata ana jina. Hata jiwe lenyewe limepewa jina, tena la mfalme wa nyika. Je, aliyelitoa gizani?

AGOSTI 2009

Turudi Taita, maana hesabu haijafungwa.

Wilaya ile ya zamani, ambayo leo ni kaunti ya Taita-Taveta, zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo. Ardhi iliyobaki wanagawana watu, ranchi kubwa na mashamba ya katani. Ndovu hutoka mbugani wakala mahindi ya mkulima, naye hana ruhusa ya kuingia mbugani kutafuta kuni. Katika hali hiyo, kijana akisikia kwamba chini ya mguu wake kuna jiwe linalouzwa Marekani kwa dola, unategemea afanye nini? Atachukua sururu. Na aliyeshika kibali kihalali atamwona kijana huyo kuwa mwizi. Na kijana naye atamwona mwenye kibali kuwa ndiye mwizi. Kila mmoja ana hoja yake, na kila mmoja ana karatasi yake au babu yake wa kumtaja.

Mgogoro juu ya machimbo ya Bridges ulifukuta kwa miaka kadhaa. Tarehe 11 Agosti 2009, kundi la watu wenye mapanga, mikuki na pinde lilimvamia yeye na mwanawe na wafanyakazi wao. Mzee Bridges, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 70, akauawa. Mwaka 2014 mahakama ya Mombasa iliwatia hatiani watu wanne.

Mauaji ni mauaji. Sitaki mtu anifahamu vibaya nikionekana napamba damu kwa maneno ya siasa. Mzee yule aliipenda nchi ile, aliishi humo takriban miaka 40, na hakustahili kufa namna ile. Lakini mwandishi akiishia hapo atakuwa ameandika taarifa ya polisi. Kazi yetu sisi ni kuuliza: ilikuwaje jiwe lenye uzito wa punje za mahindi likawa zito kuliko uhai wa mtu? Sheria ya madini iliyotawala Kenya wakati huo ilikuwa ya mwaka 1940, ya mkoloni. Ni mwaka 2016 tu ilipopatikana sheria mpya iliyomtambua mchimbaji mdogo, na ikaagiza kwamba katika mrabaha, asilimia 70 iende serikali kuu, 20 kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapotoka. Miaka 7 baada ya mzee kuzikwa! Mgeni alishakuja, akaondoka kwa mauti, na mwenyeji ndiyo kwanza anaandikwa katika sheria.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Basi, mgeni alikuja. Mwenyeji alipona? Jibu langu ni kwamba alipona nusu. Wapo waliojenga nyumba za bati na kusomesha watoto kwa grini. Wapo waliotajirika wakafilisika ndani ya mwaka mmoja, na hadithi zao zinachekesha baa nzima. Wapo wasiopata kitu isipokuwa kifua kibovu kwa vumbi la kinywe. Hayo yote ni historia, lakini mengi hayajaandikwa, na hasa hayajaandikwa kwa Kiswahili.

Ukitaka kusoma habari za tsavoraiti utazipata kwa Kiingereza, tele. Wameandika ugumu wake, uzito wake, namna inavyopinda nuru. Wameandika mbogo na chatu. Lakini hawakuandika mchungaji wa Simanjiro alisema nini alipoona wageni wanapasua mawe kama watu waliopotewa na akili. Hawakuandika akina mama wa Mwatate na Voi walikopesha chakula kwa masharti gani. Hawangeweza, kwa sababu hawakuuliza kwa lugha inayojibika.

Ndugu mwandishi mwenzangu, unayeandika usiku kwa kibatari na kutuma hadithi zako magazetini bila kujibiwa: hii ni kazi yetu. Haihitaji digrii. Inahitaji nauli ya basi, daftari, na adabu ya kumsalimu mzee na kukaa chini kabla ya kumuuliza. Ila inahitaji haraka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 pale Komolo mwaka 1967 leo anakaribia miaka 80. Jiwe limengoja miaka milioni 600, laweza kungoja zaidi. Mzee hawezi.